Nagasaki, 9 Agosti 1945: Bomu Lililodondoshwa Bila Kuamuliwa

Watu wanapojadili kama matumizi ya bomu la atomiki katika Vita Kuu ya Pili ya Dunia yalikuwa na uhalali, kwa kawaida huitaja miji ya Hiroshima na Nagasaki kwa mkupuo mmoja, kana kwamba lilikuwa tukio moja lenye sababu moja. Hoja zote za utetezi hujengwa juu ya Hiroshima, kisha Nagasaki ikaburutwa nyuma yake kama tela nyuma ya lori. Uchambuzi huu unaichukua Nagasaki peke yake. Kutoka saa 2:15 asubuhi ya tarehe 6 Agosti 1945, Hiroshima ilipopigwa, hadi saa 5:02 asubuhi ya tarehe 9, Nagasaki ilipopigwa, zilipita siku tatu na saa zisizotimia tatu. Anayedai kwamba bomu la pili lilikuwa la lazima anapaswa kuonyesha ni nani, katika siku hizo tatu, aliyepima kama lazima hiyo ipo. Kumbukumbu za serikali ya Marekani hazimwonyeshi mtu huyo.

Amri iliyoiua Nagasaki iliandikwa tarehe 25 Julai. Ilitiwa saini na Jenerali Thomas Handy, aliyekuwa akikaimu nafasi ya Jenerali George Marshall, mkuu wa jeshi la nchi kavu la Marekani, wakati Marshall yuko mkutanoni Potsdam, Ujerumani, na ilielekezwa kwa Jenerali Carl Spaatz, kamanda wa vikosi vya anga vya masafa marefu katika Pasifiki. Ilisema bomu la kwanza lidondoshwe baada ya tarehe 3 Agosti au karibu na hapo, mara hali ya hewa itakaporuhusu, juu ya mmoja kati ya miji minne: Hiroshima, Kokura, Niigata na Nagasaki. Kisha ikaongeza kwamba mabomu mengine yadondoshwe juu ya malengo hayo hayo kadiri wataalamu wa mradi wa kutengeneza bomu watakavyoyakamilisha. Amri haikutaka yeyote asubiri kuona Japani itajibu nini baada ya bomu la kwanza, wala haikudai idhini mpya ya Rais Harry Truman kwa bomu la pili. Kilichoamua siku ya bomu lililofuata kilikuwa kasi ya mafundi na mawingu.

Nagasaki yenyewe iliingia katika orodha hiyo kwa kuchelewa. Mji uliopendekezwa na kamati ya kuchagua malengo ulikuwa Kyoto, mji mkuu wa kale wenye mahekalu mengi, lakini Waziri wa Vita Henry Stimson aliupinga kwa nguvu, akihofu kwamba kuuangamiza kungewafanya Wajapani wasiwasamehe Wamarekani kamwe. Kyoto ilipofutwa, Nagasaki ikawekwa kujaza pengo, siku moja tu kabla ya amri kutolewa. Haukuwa mji unaofaa hata kwa vigezo vya wapangaji wenyewe: umegawanyika katika mabonde yanayotenganishwa na vilima, jambo ambalo hupunguza nguvu ya mlipuko, na tayari ulikuwa umepigwa kwa mabomu ya kawaida, mara ya mwisho tarehe 1 Agosti. Ulikuwa na bandari na viwanda vya Mitsubishi vya meli, chuma na topido, na hilo lilitosha.

Bomu lililopelekwa huko halikuwa pacha wa lile la Hiroshima. La Hiroshima lilitumia urani iliyorutubishwa. La Nagasaki lilitumia takriban kilo 6 za plutoni, metali inayotengenezwa kwa kuipiga urani kwa nyutroni ndani ya tanuri la nyuklia, kazi iliyofanyika Hanford, katika jimbo la Washington, kando ya mto Columbia. Mfano wake ulijaribiwa tarehe 16 Julai katika jangwa la New Mexico. Sehemu kubwa ya urani iliyotumiwa na mradi mzima ilichimbwa Shinkolobwe, Katanga, katika Kongo iliyokuwa koloni la Ubelgiji. Mkurugenzi wa kampuni ya Union Minière, Edgar Sengier, alikuwa ameshahamishia zaidi ya tani elfu moja za mawe hayo New York mwaka 1940, kabla ya jeshi la Marekani kujua kuwa litayahitaji. Wachimbaji wa Katanga, ambao lugha yao ya kazini ilikuwa Kiswahili, walibeba kwa mikono mawe yenye urani nyingi kuliko karibu mgodi wowote uliojulikana wakati huo, katika kazi iliyofunikwa na usiri wa kijeshi. Nalitaja hili kwa sababu historia ya bomu hili husimuliwa kana kwamba iliwahusu Wamarekani na Wajapani peke yao.

Ratiba ya awali ilikuwa kulidondosha bomu la pili tarehe 11 Agosti. Utabiri wa hali ya hewa ulionyesha kuwa mawingu yangetanda kwa siku kadhaa kuanzia tarehe 10, na maafisa waliokuwa katika visiwa vya Guam na Tinian wakaamua kuiwahisha safari kwa siku mbili. Hapo ndipo kiini cha kisa hiki kilipo. Siku mbili zilizopunguzwa zingewapa watawala wa Tokyo muda wa kupokea taarifa za wataalamu wao. Mwanafizikia Nishina Yoshio aliyetumwa Hiroshima kuchunguza alifika huko tarehe 8, na mabaki ya mji aliyoyakuta yalimthibitishia kwamba lilikuwa kweli bomu la atomiki. Zingewapa pia muda wa kuumeza mshtuko wa Umoja wa Kisovieti kutangaza vita jioni ya tarehe 8. Muda huo uliondolewa na maafisa hao waliokuwa wakitazama ramani za hali ya hewa, ambao kwa haki walikuwa wakitekeleza wajibu wao: hakuna aliyewaambia kwamba muda wenyewe una maana yoyote ya kisiasa.

Ndege iliyobeba bomu, B-29 iliyoitwa Bockscar, iliondoka Tinian kabla ya alfajiri ya tarehe 9 ikiongozwa na Meja Charles Sweeney. Safari ilianza vibaya. Pampu moja ya mafuta ilikataa kufanya kazi, hivyo zaidi ya lita 2,000 za mafuta zilikuwa mzigo tu usioweza kutumika. Juu ya kisiwa cha Yakushima walikopaswa kukutana na ndege mbili za kusindikiza, moja haikuonekana, na Sweeney alisubiri muda mrefu kuliko alivyoagizwa. Lengo la kwanza lilikuwa Kokura, mji wenye ghala kubwa la silaha. Walipofika waliukuta umefunikwa na mawingu na moshi. Mji jirani wa Yahata ulikuwa umechomwa kwa mabomu ya moto siku moja kabla. Walijaribu kupita juu ya Kokura mara tatu, wakashindwa kuliona lengo kwa macho kama walivyoamriwa, mizinga ya kutungua ndege ikaanza kuwakaribia, wakageuza kuelekea Nagasaki. Watu wa Kokura waliendelea na shughuli zao bila kujua.

Nagasaki nayo ilikuwa na mawingu. Mafuta yalibaki ya kupita mara moja tu, na Kamanda Frederick Ashworth, aliyesimamia silaha hiyo ndani ya ndege, alikubali rada itumike ikibidi, kinyume cha maagizo. Mlenga mabomu Kermit Beahan alisema dakika ya mwisho ameuona mwanya katika mawingu, akaliachia. Bomu lililipuka kwenye kimo cha mita 500 hivi, kiasi cha kilomita 3 kaskazini-magharibi ya mahali palipokusudiwa katikati ya mji, juu ya bonde la Urakami. Bockscar ilitua Okinawa ikiwa imebakiza mafuta kidogo sana. Naisimulia safari hii kwa urefu kwa sababu katika utetezi wa baadaye huzungumzwa habari ya shabaha za kijeshi zilizochaguliwa kwa uangalifu. Mji ulipatikana kwa mawingu ya mji mwingine, na mtaa ulipatikana kwa tundu la wingu.

Mtaa wenyewe ulikuwa makao ya Wakatoliki wengi kuliko popote pengine Japani. Wazee wao walikuwa wameishi kwa siri na imani yao kwa zaidi ya karne mbili chini ya marufuku ya serikali, hadi ilipoondolewa mwaka 1873, kisha wakajenga kwa miongo kadhaa kanisa kuu la matofali mekundu. Kanisa hilo lilikuwa mita 500 hivi kutoka kitovu cha mlipuko. Mapadre wawili na waumini waliokuwa wamekuja kuungama walifia ndani. Kati ya Wakatoliki wapatao 12,000 wa Urakami, wapatao 8,500 walikufa. Karibu na hapo kilikuwa Chuo cha Tiba cha Nagasaki na hospitali yake, ambako karibu walimu, wanafunzi na wauguzi 900 waliangamia, maana yake wale ambao wangewatibu majeruhi walikuwa miongoni mwa wafu wa kwanza. Shule ya msingi ya Shiroyama ilisimama juu ya kilima umbali wa mita 500 upande wa magharibi. Walikufa pia Wakorea walioletwa kufanya kazi viwandani, wengi wao kwa shuruti, na baadhi ya mateka wa vita wa upande ule ule wa washirika uliodondosha bomu, waliokuwa wamefungwa mjini humo.

Idadi ya wafu inayotolewa na mji wa Nagasaki hadi mwisho wa mwaka 1945 ni 73,884, na majeruhi 74,909, katika mji uliokuwa na watu takriban 240,000. Vilima ambavyo vingepaswa kuufanya mji usifae kuwa shabaha ndivyo vilivyoikinga sehemu ya kusini, la sivyo hesabu hiyo ingekuwa kubwa zaidi, kwa sababu bomu hili lilikuwa na nguvu ya takriban tani 21,000 za baruti, zaidi ya lile la Hiroshima. Joto la ardhini chini ya mlipuko lilipita nyuzi 3,000. Lakini kilichozitofautisha silaha hizi na moto ulioichoma Tokyo usiku wa tarehe 9 kuamkia 10 Machi, ambao uliua watu wapatao 100,000, ni kile kilichofuata. Watu waliotoka wazima bila hata mkwaruzo walianza, baada ya siku chache au wiki mbili tatu, kunyonyoka nywele, kutokwa na damu katika fizi, kuharisha na kufa, kwa kuwa mionzi ilikuwa imeua uboho wa mifupa yao. Miaka michache baadaye saratani ya damu ilianza kuongezeka miongoni mwa walionusurika, hasa waliokuwa watoto, kisha zikafuata saratani nyingine ambazo bado zinafuatiliwa na watafiti hadi leo. Wapangaji wa shambulio walijua kuwa mionzi ipo; hawakuwa wameipa uzito.

Daktari Nagai Takashi, mtaalamu wa eksirei katika chuo hicho, aliyempoteza mkewe katika mlipuko, alisimama mbele ya Wakatoliki wenzake mwezi Novemba mwaka huo, akawaambia kwamba Urakami ilichaguliwa kuwa sadaka ya kuteketezwa ili vita viishe. Hayo ni maneno ya mfiwa akiwafariji wafiwa, na ana haki nayo. Nimeyaona yakitumiwa na wengine kama ushahidi kwamba hata waathirika walikubali ulazima wa bomu. Huo ni ujanja usiofaa: anayeitoa sadaka na anayeichukua kwa nguvu hawawezi kushika hoja moja.

Turudi Tokyo asubuhi ile ile. Baraza Kuu la Vita, lenye watu sita, lilianza kikao saa 4:30, nusu saa kabla ya mlipuko. Kikao hicho kilikuwa kimetakiwa tangu siku iliyotangulia, kikaahirishwa kwa sababu mjumbe mmoja hakuweza kufika, uzembe ambao watawala wa Japani hawana namna ya kuukwepa. Waziri wa Mambo ya Nje Togo Shigenori alikuwa ameonana na Mfalme Hirohito tarehe 8, na kwa maelezo yake mfalme alimwambia kwamba silaha hii mpya imefanya vita visiweze kuendelea. Asubuhi ya tarehe 9, baada ya habari kwamba majeshi ya Kisovieti yameivamia Manchuria, mfalme alimwagiza msaidizi wake mkuu ashauriane na Waziri Mkuu Suzuki Kantaro juu ya kumaliza vita. Yote hayo yalitangulia habari za Nagasaki. Habari hizo zilipoingia katikati ya kikao, wajumbe walikuwa wamegawanyika watatu kwa watatu: Suzuki, Togo na Waziri wa Jeshi la Majini Yonai walitaka kusalimu amri kwa sharti moja, kwamba kiti cha mfalme kisiguswe; Waziri wa Jeshi Anami na wakuu wa majeshi Umezu na Toyoda walitaka masharti manne, likiwemo la kutokaliwa na majeshi ya kigeni. Baada ya habari za Nagasaki walibaki watatu kwa watatu. Baraza la mawaziri lililokutana mchana na jioni nalo halikuafikiana. Mkwamo ulivunjwa na mfalme mwenyewe, mnamo saa 8 usiku wa kuamkia tarehe 10, kwa kuunga mkono upande wa Togo.

Sasa utetezi, na si haki kuupitia juu juu. Mapigano ya Okinawa yaliyomalizika Juni yalikuwa yamewaua Wamarekani zaidi ya 12,000 na Wajapani na wenyeji zaidi ya laki moja, na uvamizi wa kisiwa cha Kyushu, mahali pale pale ilipo Nagasaki, ulipangwa kuanza tarehe 1 Novemba. Kila mwezi vita vilipoendelea, watu wengi waliokuwa chini ya utawala wa Japani, China, Vietnam, Indonesia na kwingineko, walikufa kwa njaa, kazi za shuruti na risasi. Vifo hivyo husahauliwa na wakosoaji wa bomu, na ni kosa kubwa. Hata huku kwetu, vijana wa Keya (King's African Rifles, jeshi la Waafrika chini ya Waingereza) waliotoka Kenya, Uganda, Tanganyika na Nyasa na kupigana Bama (Burma) mwaka 1944 wangeweza kurudishwa tena mstari wa mbele kama vita vingeendelea. Na hoja mahususi ya bomu la pili ilikuwepo tangu mapema: Jenerali Leslie Groves, mkuu wa mradi wa bomu, na Admirali William Purnell waliamini kwamba bomu la kwanza litaonyesha silaha ipo, na la pili litaonyesha kwamba zipo nyingi. Hoja hii haikuwa ya kipuuzi, kwani Tokyo walikuwepo waliodai kwamba Marekani haiwezi kuwa na mabomu mengi ya aina hiyo.

Hoja hizo zote, hata zikikubaliwa, zinathibitisha kwamba bomu la pili lingeweza kufaa baada ya la kwanza kushindwa. Hazithibitishi kwamba la kwanza lilikuwa limeshindwa, maana hakuna aliyengoja kuona. Anayejitetea kwa dharura hana budi kuonyesha kwamba aliangalia kama kuna njia nyingine. Hapa kuangalia kwenyewe hakukufanyika, na hata vikaratasi vya kuwaonya raia wa Nagasaki juu ya silaha hiyo vilidondoshwa tarehe 10, siku moja baada ya bomu. Telford Taylor, aliyekuwa mwendesha mashtaka wa Marekani katika kesi za viongozi wa Kinazi huko Nuremberg, aliona kwamba Hiroshima ina mjadala, lakini hakuwahi kusikia utetezi wa kuridhisha wa Nagasaki. Nakubaliana naye, ingawa naona Hiroshima nayo ina maswali mazito kuliko alivyokiri.

Mahakama ya Wilaya ya Tokyo ilikwenda mbali zaidi. Katika hukumu ya tarehe 7 Desemba 1963, katika kesi iliyofunguliwa na wananchi watano walioathirika na mabomu hayo, ilisema mashambulio yote mawili yalivunja sheria ya kimataifa iliyokuwepo mwaka 1945, kwa sababu yalipiga miji isiyokuwa na ulinzi bila kubagua askari na raia, na kwa sababu madhara ya silaha yenyewe yalizidi mateso yanayoruhusiwa vitani. Wadai hawakupata fidia, kwa kuwa mtu binafsi hakutambuliwa na sheria hiyo na kwa kuwa Japani ilikwishaachia madai yake katika mkataba wa amani wa 1951.

Wanaoshikilia kwamba mashine hiyo isingeweza kusimamishwa katikati ya vita wanajibiwa na kilichotokea siku iliyofuata. Tarehe 10 Agosti Groves alimwandikia Marshall kwamba bomu la tatu litakuwa tayari kudondoshwa baada ya tarehe 17 au 18. Marshall aliandika juu ya karatasi hiyo hiyo, kwa mkono, kwamba lisitumike dhidi ya Japani bila idhini ya wazi ya rais, na mashine ikasimama. Truman alikuwa amerudi Washington tangu jioni ya tarehe 7. Sentensi ile ile ingeweza kuandikwa usiku huo, na Bockscar ikabaki Tinian. Itasemwa kwamba tarehe 10 hali ilikuwa tofauti, kwa kuwa ujumbe wa Japani wa kukubali masharti ulikuwa umefika asubuhi hiyo. Ni kweli, lakini Waziri wa Biashara Henry Wallace, aliyekuwa katika kikao cha baraza siku hiyo, aliandika katika shajara yake sababu aliyoitoa Truman mwenyewe: kwamba wazo la kuwafuta watu wengine laki moja lilikuwa la kutisha mno, na kwamba hakupenda kuwaua watoto wote wale. Sababu hiyo haikutegemea ujumbe wa Tokyo. Ilikuwa mbele yake tangu tarehe 8, Stimson alipomwonyesha picha za Hiroshima.